Nyota ya Anga na Nyota ya Herufi: Uhakiki wa Ishara za Falaki kwa Kuzingatia Ruaruke, Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba mtu fulani ana nyota, au kwamba nyota ya mtu imefifia na inahitaji kusafishwa, hatarajiwi kuinua uso kutazama juu. Hakuna anayeinyooshea nyota hiyo kidole. Hata hivyo, uhakiki mwingi unaogusa uaguzi wa Waswahili hulichukulia neno nyota katika muktadha huu kana kwamba linarejelea gimba la angani, kisha hutafuta maana ya ishara hiyo katika sifa za anga: mwanga, umbali, utukufu. Makala haya yanahoji mkabala huo. Hoja inayotetewa ni kwamba nyota ya mtu katika falaki ya Waswahili ni zao la maandishi. Hupatikana kwa kuhesabu herufi, na historia yake ni sehemu ya historia ya kusoma na kuandika. Nyota za angani nazo zina ishara zake, tena zenye nguvu, lakini hizo hufanya kazi kwa utaratibu mwingine kabisa. Kuzichanganya ishara za aina hizi mbili kumezaa maelezo mepesi ya kihistoria, na katika maisha ya watu kumezaa madhara yasiyo mepesi.

Ruaruke ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, katika eneo la delta ya Rufiji. Delta hiyo ina msitu mkubwa wa mikoko, mashamba ya mpunga na mikono ya mto inayopanda na kushuka pamoja na bahari. Mwaka 2004 iliingizwa pamoja na Mafia na Kilwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa karne nyingi boriti za mikoko ziliondoka hapa kwa majahazi kwenda Uarabuni, na majahazi hayo hayo yalileta tende, chumvi, vitabu na watu wa vitabu. Kiswahili, Kindengereko na herufi za Kiarabu vilikutana katika mazingira haya. Kwa sababu hiyo eneo hili linafaa kupimia dai la makala: hapa mkulima anaisoma mbingu kwa macho, na mwenye kitabu anamsomea mkulima huyo nyota yake bila kutoka nje ya nyumba.

Nadharia inayoongoza uhakiki ni semiotiki, hususan mgawanyo wa Charles Sanders Peirce wa ishara kuwa aikoni, kielekezi na simbo. Aikoni hufanana na kinachorejelewa, kielekezi huunganishwa nacho kwa sababu au ukaribu, na simbo husimama kwa makubaliano tu. Ferdinand de Saussure naye alisisitiza kwamba uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu. Nadharia hizi zimekuwa za kawaida mno katika tasnifu za Kiswahili, kiasi kwamba mara nyingi hugeuka jedwali: safu ya kushoto ishara, safu ya kulia maana, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Jedwali la namna hiyo haliwezi kueleza kwa nini ishara moja ibebe maana mbili zinazopingana, wala kwa nini watu waendelee kuiamini ishara ambayo haifanani na chochote wanachokiona. Maswali hayo mawili ndiyo yanayofuatwa hapa.

2.0 Buruji na safari ya majina yake

Buruji kumi na mbili zinazotumika katika falaki ya Waswahili ni Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Kwa Kiswahili cha kawaida huitwa Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Jan Knappert alizichunguza buruji hizi kwa kuzilinganisha na za Kiarabu na za Kihindi, na kazi yake ya mwaka 1993 bado ndiyo mlango ambao watafiti wengi hupitia. Chimbuko la mbali linafahamika. Wababeli waliigawa njia ya jua katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa, kila moja nyuzi 30, yapata karne ya tano kabla ya Kristo. Wagiriki wakaipokea hesabu hiyo, na Ptolemy wa Aleksandria akaiandikia kitabu katika karne ya pili. Baghdad ya Waabbasi ikaitafsiri, na hapo ndipo alipoibuka Abu Ma'shar, mzaliwa wa Balkh aliyeishi kati ya mwaka 787 na 886. Jina lake lilikuja kubandikwa, karne nyingi baadaye, kwenye vijitabu vya bei nafuu vilivyochapwa Cairo na kusambaa hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mnajimu wa Baghdad na vijitabu hivyo wana uhusiano mdogo mno, lakini jina la mwanachuoni lilikuwa muhuri wa kuaminika.

Maelezo haya ya chimbuko huishia kwa kawaida kwenye sentensi kwamba unajimu wa Waswahili ni athari ya Kiarabu. Sentensi hiyo si ya uongo, ila haifafanui kitu. Mwarabu mwenyewe aliazima, na Mgiriki aliyemwazimisha aliazima pia. Swali lenye faida ni nini kilichobadilika kila jina lilipovuka mpaka.

Sumbula ni mfano mzuri. Wagiriki na Warumi waliichora buruji hii kama mwanamwali aliyeshika shuke la ngano, na nyota yake angavu zaidi hadi leo inaitwa Spica, yaani shuke. Waarabu walikuwa na jina la mwanamwali, Adhraa, lakini matumizi ya wengi yakamwacha mwanamwali na kubaki na shuke. Kiswahili kikapokea shuke na kuliweka katika wingi: Mashuke. Kwa msikilizaji wa delta ya Rufiji mashuke ni ya mpunga, kwa kuwa ngano hailimwi huko. Ishara imepoteza mwanamke, imebadilisha nafaka, na bado inaitwa ishara ile ile. Juu ya hayo, jua huwa katika Sumbula kuanzia mwishoni mwa Agosti, wakati mpunga wa masika kwa kawaida umekwisha kuvunwa na shamba limebaki mabua. Ishara iliyozaliwa kama kielekezi cha msimu wa watu wa kaskazini imefika Ruaruke ikiwa simbo tupu.

Jadi inalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Katika orodha ya buruji Jadi ni Mbuzi. Kwa mabaharia wa Kiarabu jina hilo hilo lilikuwa pia la nyota ya kaskazini, ile isiyohama, ambayo nahodha huipima kwa vidole ili kujua amefika wapi. Delta ya Rufiji iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kutoka hapo nyota ya kaskazini haionekani kamwe. Iko chini ya upeo wa macho usiku wote, mwaka wote. Jahazi lililokuja kuchukua boriti lilikuwa limekwisha kuipoteza Jadi nyuma yake kabla ya kuingia mlango wa Simba Uranga. Waliobaki pwani walipokea jina la nyota ambayo hawakuweza kuiona, wakalitumia bila taabu. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba ishara hizi hazihitaji anga ili zifanye kazi.

Saratani inaelekea upande mwingine. Neno hilo kwa Kiarabu ni kaa, na kwa mkaaji wa delta kaa ni kitu cha kushikika: kaa wa mikokoni ni kitoweo na ni biashara. Aikoni ingeweza kukubalika mara moja. Lakini katika Kiswahili cha leo saratani ni jina la maradhi, kwa njia ile ile iliyopitiwa na Wagiriki walioufananisha uvimbe na miguu ya kaa. Msomaji wa leo anapokuta kwamba buruji yake ni Saratani, maradhi humjia akilini kabla ya kaa. Kiashiria ni kimoja, viashiriwa viwili vinagombania nafasi, na kipya ndicho chenye nguvu. Mhakiki anayeandika katika jedwali lake kwamba Saratani ni huruma na mapenzi ya nyumbani, kama vitabu vinavyosema, atakuwa ameiacha nje hofu ambayo neno linaibeba katika lugha hai.

Simba naye si yule wa vitabu. Katika mapokeo ya unajimu Asadi ni nyumba ya jua, ishara ya ufalme na ukarimu. Rufiji ina kumbukumbu nyingine. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu 35 katika Wilaya ya Rufiji, na alipouawa alikutwa na jipu kwenye jino. Katika maeneo mengi ya kusini mashariki mwa Tanzania yapo pia mazungumzo ya simba wa kutumwa, mnyama anayesukumwa na uadui wa binadamu. Kumwambia mtu wa eneo hilo kwamba nyota yake ni Simba ni kumkabidhi ishara yenye sura mbili, na ipi kati ya hizo itakayosikika hutegemea nani anasema na kwa sababu gani. Ifahamike pia kwamba mamba na kiboko, wanyama wanaoogopwa zaidi mtoni, hawamo katika buruji. Mfumo uliozaliwa katika delta hii usingewasahau.

Zaidi ya majina kuna tabia. Buruji hugawanywa kwa moto, udongo, hewa na maji. Hamali, Asadi na Kausi ni za moto. Thauri, Sumbula na Jadi za udongo. Jauza, Mizani na Dalu za hewa. Saratani, Akrabu na Hutu za maji. Dalu ni ndoo, chombo cha kutekea maji, lakini tabia yake ni hewa. Nge hujificha chini ya mawe makavu na magogo, lakini tabia yake ni maji. Anayezisoma ishara hizi kama aikoni atapotea kila mara, kwa sababu mfumo unapanga tabia kwa zamu (moto, udongo, hewa, maji, kisha moto tena) bila kuuliza picha inaonyesha nini.

3.0 Hesabu ya herufi

Utaratibu wa kutafuta nyota ya mtu katika falaki ya kitabu unafahamika pwani nzima. Huchukuliwa jina la mtu na jina la mama yake, yakaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kila herufi ina thamani yake katika mpangilio wa abjadi: alifu 1, ba 2, jimu 3, hadi ghaini 1000. Thamani zote hujumlishwa, jumla ikagawanywa kwa 12, na baki ndiyo nyota. Baki 1 ni Hamali, 2 ni Thauri, na kuendelea. Pasipobaki kitu nyota ni ya kumi na mbili, Hutu. Hakuna tarehe ya kuzaliwa, hakuna saa, hakuna mbingu. Mama hutajwa badala ya baba kwa sababu inayotolewa mara kwa mara na wenye elimu hii: umama hauna shaka.

Mfano utaonyesha uzito wa jambo. Ali huandikwa aini 70, lamu 30, ya 10, jumla 110. Fatuma, kwa tahajia ya Kiarabu, ni fa 80, alifu 1, ta nzito 9, mimu 40 na ta ya kike mwishoni. Ta hiyo ya kike huchorwa kama ha yenye nukta mbili. Mwenye kuihesabu kama ha ataipa 5, na Fatuma atakuwa 135. Ali mwana wa Fatuma atakuwa 245. Baki ya kugawanya kwa 12 ni 5, naye ni Asadi, mtu wa moto. Mwenye kuihesabu kama ta ataipa 400, na jumla itakuwa 640. Baki ni 4, na Ali huyo huyo ni Saratani, mtu wa maji. Kilichomhamisha kutoka motoni hadi majini ni nukta mbili.

Iwapo hali ni hiyo kwa majina ya Kiarabu yenye tahajia iliyozoeleka, majina ya Kibantu yana shida kubwa zaidi. Herufi za Kiarabu hazikuwa na alama ya sauti kadhaa za Kiswahili. Sauti ch katika miswada ya zamani iliandikwa mara nyingi kwa shini, ambayo thamani yake ni 300. Waandishi wengine walitumia jimu yenye nukta tatu, na anayeihesabu kama jimu ataipa 3. Tofauti ni 297, ambayo ikigawanywa kwa 12 huacha 9. Kwa hiyo mwanamke aitwaye Chausiku anaweza kuruka buruji tisa kwa uamuzi wa mwandishi mmoja kuhusu herufi ya kwanza ya jina lake. Irabu nazo huandikwa au huachwa. Jina la Ruaruke lenyewe, likiandikwa kwa ra, wau, ra, wau na kafu, lina jumla ya 432, inayogawanyika kwa 12 pasipo baki: Hutu, Samaki. Likiandikwa kwa kuongeza alifu katikati na ya mwishoni, ili irabu zionekane, jumla ni 443 na baki ni 11: Dalu, Ndoo. Kwa macho ya aikoni majibu yote mawili yanalifaa eneo la delta. Kwa macho ya tabia moja ni maji na jingine ni hewa.

Mhakiki anaweza kushawishika kuhitimisha kwamba mfumo huu basi ni wa kubahatisha. Hitimisho hilo linakuja mapema mno, na linaukosa ukweli wa kuvutia zaidi. Mfumo ni wa uhakika kabisa ndani ya mikono ya mwandishi mmoja, kwa kuwa herufi zile zile hutoa jibu lile lile daima. Mahali pa shaka ni tahajia, na tahajia ni suala la mamlaka: nani ana haki ya kuamua jina linaandikwaje? Mganga wa kitabu hutofautiana na mganga wa ngoma na pepo hapa hasa. Wa pili hupata habari kwa kupandwa, wa kwanza kwa kuandika. Katika jamii ambamo wachache walijua kuandika, kuandikwa jina lako na mtu mwingine kulikuwa tayari ni kuwekwa chini ya elimu yake. Nyota ni jina la uhusiano huo.

Mabadiliko ya hati yaliugusa mfumo huu kwa namna ambayo haijazingatiwa vya kutosha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 na kusimamia tahajia moja ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Tangu hapo jina la mtu lina umbo rasmi, katika cheti, kitambulisho na daftari la shule, na umbo hilo halina thamani ya abjadi. Mwenye kitabu hulazimika kulirudisha jina katika hati ambayo mwenye jina hawezi kuisoma. Zamani mteja mwenye elimu ya chuo aliweza kuhakiki hesabu ya mganga. Mjukuu wake mwenye shahada hawezi. Kuenea kwa elimu ya kisasa, katika jambo hili moja, kumeongeza giza linalomzunguka mteja.

Ramli inahitaji maneno machache tu. Maumbo yake kumi na sita hutokana na mistari minne ya nukta moja au mbili, na kila umbo hufungamanishwa na buruji na sayari. Nayo ni maandishi, ya mchangani.

4.0 Ishara zinazoonekana

Kilimia ni jambo jingine. Jina hili linatokana na kulima, na mzizi wake umeenea katika lugha za Kibantu hadi kusini mwa bara, ambako Wazulu huliita kundi hilo la nyota isiLimela. Hakuna haja ya Baghdad kulieleza. Kilimia huzama magharibi na kupotea katika mwanga wa jua mwezi Mei, kisha huonekana tena alfajiri mwezi Juni. Methali ya pwani huihusisha hali ya hewa ya kuzama kwake na kinyume chake wakati wa kuzuka. Hiki ni kielekezi katika maana kamili ya Peirce. Mkulima hahitaji kitabu, na anayemwongopea kuhusu kilimia ataumbuliwa na anga usiku huo huo.

Kati ya buruji na kilimia upo mwaka wa Nairuzi, ambao Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha mwaka 1870 na John Gray akauandikia makala mwaka 1955. Mwaka huu una siku 365, zinazogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Wakulima na mabaharia waliupenda kwa kuwa miezi ya Kiislamu huzunguka misimu yote na haiwezi kusema lini upepo utageuka. Lakini Nairuzi haina siku ya kuongezea mwaka wa nne. Husogea siku moja kila miaka minne, yaani siku 25 katika karne moja. Anayehesabu miongo bila kuangalia nje atapanda mpunga wakati usiofaa baada ya vizazi vichache; kilimia ndicho kinachomsahihisha. Hesabu na macho vilihitajiana.

Inafaa kuonyesha kwamba hata buruji za kitabu zimekwisha kuachana na nyota zake. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na sehemu za nyuzi 30 zinazohesabiwa kuanzia usawasiku wa Machi hazilingani tena na makundi ya nyota yaliyozipa majina. Kilimia kiko begani mwa Ng'ombe angani, lakini kwa hesabu za leo kinaangukia mpakani mwa Thauri na Jauza. Jambo hilo huwasumbua wanajimu wa Ulaya, na hujibiwa kwa mijadala mirefu. Falaki ya herufi haiguswi nalo hata kidogo.

Mwezi ndio unaotawala siku kwa siku. Bamvua na maji mafu huhesabiwa kwa tarehe za mwezi, na mvuvi, mkata mikoko na mpanda mpunga wa delta hupanga kazi kwa hesabu hiyo, kwa kuwa mto wenyewe hupanda na kushuka kwa amri ya bahari. Vitabu vya falaki humpa mwezi siku ya Jumatatu, na kuzigawa saa za mchana na usiku kwa sayari saba kwa zamu: Zuhali, Mushtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Zuhali na Mirihi ni za nuhusi, Mushtari na Zuhura ni za saadi. Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza ni ya sayari ya siku hiyo, na kwa kuwa 24 ikigawanywa kwa 7 huacha 3, saa ya kwanza ya kesho huiangukia sayari ya kesho. Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabiwa alfajiri, inaupokea utaratibu huu bila kugeuza chochote. Majina ya siku hayaupokei: Jumamosi, siku ya kwanza katika hesabu ya Kiswahili, ni ya Zuhali, nuhusi iliyo kubwa. Mtu anayependa kutafuta maana angeweza kudai kwamba juma la Mswahili linaanza na mkosi. Ukweli ni kwamba mifumo miwili ya kuhesabu imepishana njiani, na haikusalimiana.

Vielekezi vyenyewe havina uhai wa milele. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na maji ya Rufiji sasa hupita katika mikono ya wahandisi kabla ya kufika deltani. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti yalizua mabishano kuhusu mvua na bwawa, na kilimia hakikuweza kuyaamua. Ishara ya angani hubaki kuwa kielekezi ilimradi kinachorejelewa kinaifuata. Mto ukiacha kufuata msimu, nyota ile ile hugeuka kumbukumbu.

5.0 Nyota mbili za mtu mmoja

Mwaka 1930, R. H. Naylor aliandika katika gazeti la Sunday Express la London utabiri kuhusu binti mfalme aliyekuwa amezaliwa mwezi huo wa Agosti, Margaret, na kutoka hapo safu za nyota kwa tarehe za kuzaliwa zikaenea magazetini. Safu hizo zilifika katika magazeti ya Kiswahili zikiwa na majina yale yale ya buruji. Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki dunia Dar es Salaam mwezi Mei 2011, ndiye aliyeufanya unajimu kuwa sauti ya taifa kwa utabiri wake katika vyombo vya habari. Umashuhuri wake ulifunika tofauti iliyopo kati ya nyota ya tarehe na nyota ya herufi. Ali mwana wa Fatuma, akizaliwa tarehe 5 Februari, ni Dalu gazetini na Asadi kitabuni, na katika duara la buruji hizo mbili zinatazamana uso kwa uso. Vijijini ambako wazee wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, nyota ya gazeti haikuwa na mahali pa kushika; jina na mama kila mtu alikuwa navyo. Nyota ya gazeti, licha ya udhaifu wake, ina jambo moja la kuitetea: msomaji anaweza kuitafuta mwenyewe.

6.0 Ishara na lawama

Wanachuoni wa Kiislamu wa pwani wametofautisha kwa muda mrefu falaki ya nyakati za sala, kibla na miezi, ambayo ni elimu, na unajimu wa kubashiri, ambao wengi wao waliukataa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliendesha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 akipinga mambo aliyoyaona kuwa ni uzushi katika dini. Kiswahili cha watu hakikuufuata mstari huo: neno falaki linabeba zote mbili, na Al-Buruj ni jina la sura ya 85 ya Qurani, jambo linaloipa ishara heshima ambayo mwenye kitabu huitumia bila kulazimika kuitetea.

Serikali nayo ina mstari wake. Januari 2015 ilitangazwa marufuku dhidi ya wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na maneno ramli chonganishi yakawa ya kawaida katika taarifa za polisi na magazeti. Istilahi hii inastahili kuhakikiwa. Inadokeza kwamba ipo ramli isiyochonganisha, na kwamba ubaya uko katika jibu linalotolewa. Uchambuzi wa sehemu ya tatu unaonyesha kwamba ubaya unaweza kuanza mapema zaidi, katika uandishi wa jina. Mchumba wa Ali anapohesabiwa kuwa wa moto na Ali kuwa wa maji, na wazee wakaambiwa maji yatauzima moto, hakuna aliyetajwa kuwa mchawi na hakuna sheria iliyovunjwa. Ndoa imevunjika kwa ta ya kike. Vivyo hivyo mgonjwa anayeambiwa kwamba nyota yake imefungwa na mtu wa tabia ya udongo ataanza mwenyewe kuwapanga jirani zake kwa tabia.

Kwa hiyo swali la nani anaandika, na kwa tahajia ipi, si la wataalamu wa miswada peke yao. Familia inayopokea jibu la nyota haioneshwi hesabu. Huoneshwa tokeo lake, Simba au Kaa, pamoja na picha iliyojaa maana za mahali hapo ambazo mwenye kitabu hakuzitia wala hawezi kuzizuia. Angetakiwa kuyaandika majina mawili mbele ya wazee, kwa sauti, herufi baada ya herufi, na kusema ile ya mwisho ameihesabu ngapi. Mzee mmoja aliyekaa chuoni utotoni angetosha kumuuliza kwa nini 5 na si 400.